Kabula Alikuja Kunipaka Mafuta

Usiku ule nililala na hasira. Jioni mwalimu mkuu alikuwa ameniambia kwamba baba mdogo wa Neema angekuja asubuhi kumchukua mtoto kwa likizo, kwa hiyo mimi, matroni wa bweni la wasichana, nimfungie sanduku. Shule yetu ni ya watoto wenye ualbino. Ina ukuta ambao hata jela ingeuonea wivu. Nilisoma humo, na sasa nalea humo. Nikamwambia mkuu kuwa mtoto wa kwetu hatolewi getini kwa sababu tu mtu ni ndugu yake. Akajibu, "Matroni, damu nzito kuliko maji." Msemo huo hunichefua.

Basi nikalala. Nikaona ni mchana, nami ni mtoto tena, nimekaa kwenye benchi mbele ya bweni, na mtu ananipaka mafuta ya jua shingoni. Pale kwetu kila mtoto ana mwenzake wa mafuta, maana hakuna anayekifikia kisogo chake vizuri, na asiyepakwa huungua mpaka atoke malengelenge. Mwenzangu alikuwa Kabula. Niliujua mkono wake kabla sijageuka. Ananipaka kwa mkono mmoja tu. Simuulizi wa pili uko wapi, kwa sababu najua, na ninaogopa.

"Twende ukutani," anasema.

Alipokuwa hai tuliipanga sana safari hiyo. Tungepanda tangi la maji, turuke ukuta, twende mnadani tukatafune miwa kama watoto wa watu. Hatukuthubutu. Sasa tunapanda, kofia zetu pana zinatupiga usoni, tunacheka hadi mbavu zinauma. Nina furaha ambayo sijaipata tangu wamzike.

Tunaruka. Upande wa pili hakuna mnada, ni uani kwao Kabula. Mjomba wake anaegesha baiskeli, ile ile aliyokuja nayo kumchukua kwa likizo ile ya mwisho, na gauni jipya limefungwa kwenye keria. Wakubwa wanampa kiti, wanampa maji, wanamuuliza habari za njiani. Kabula amesimama katikati yao, na hakuna anayemtazama. Nataka kupiga kelele lakini sauti haitoki.

Mara viti havipo. Liko kaburi tu, limemwagiwa zege nene, kwa kuwa hata mifupa ya mtu wa kwetu ina wezi wake. Kabula amekaa juu yake na vumbi la saruji kwenye nywele.

"Kabula, nimwambie nini mkuu? Yule ni baba yake mdogo."

"Na wangu alikuwa mjomba."

Namwona ni mdogo mno, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na moyo unaniuma.

"Sikutaka kwenda," anasema. "Nilikuwa na jibu tayari. Hakuna aliyeniuliza."

Nanyosha mkono nimshike, naye anajifuta mafuta kwenye gauni, anashuka upande wa pili wa kaburi nisikoweza kuona. Sauti yake tu ndiyo inabaki.

"Muulize mtoto."

Niliamka nikilia kama niliyefiwa siku hiyo hiyo. Nje kulikuwa kumeshakucha, na mlinzi alikuwa anamsalimia mtu getini. Nilikwenda bwenini bila hata kunawa uso. Neema alikuwa kitandani, amevaa hadi viatu, sanduku miguuni. Nikachuchumaa mbele yake.

"Neema, mwanangu, unataka kwenda na baba mdogo?"

Aliangalia mlangoni, kisha akaniangalia mimi. Alinong'ona.

"Kwani naruhusiwa kukataa?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamvua viatu, kisha nikaenda getini kumwambia baba yake mdogo arudi peke yake.