Nyumba Inauzwa, Dalali Hatakiwi

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kwa miaka ishirini na miwili alifua mashuka ya hospitali, na kwa mshahara wa mashuka hayo alinunua matofali, mchanga, mabati na misumari. Mumewe, fundi wa gereji, alinunua mlango wa mbele. Mlango mmoja tu, lakini kila mgeni alisimuliwa habari zake, mbao zilitoka wapi na seremala alisumbua vipi, utadhani kuta zilijiotea zenyewe.

Kwa mlango huohuo akatoka siku moja na begi lake, akahamia kwa mwanamke mwingine. Mwaka haukuisha akaleta barua ya mahakama: anataka nusu yake. Dobi hakujua kusoma. Siku ya kuandikisha kiwanja mume alishika kalamu, yeye akaambiwa weka dole hapa, mama, akaweka, na hati ikatoka na majina mawili, la mume likitangulia. Hakimu akaamua nyumba iuzwe, wagawane sawa kwa sawa. Dobi akapewa miezi mitatu atafute mnunuzi mwenyewe, kwa bei iliyoandikwa na mthamini. Akishindwa, mume ataruhusiwa kumkabidhi dalali amtakaye, nyumba iende kwa bei yoyote itakayopatikana.

Nusu ya bei ya mthamini ingemtosha Dobi kununua kibanda chake nje ya mji. Ikipungua hapo, angezeekea kwenye chumba cha kupanga. Hilo alilijua bila kalamu.

Na dalali wa mumewe alijulikana hata kabla ya kutajwa. Walimwita Sukari kwa utamu wa ulimi wake, na pale gereji yeye na mume wa Dobi walikuwa chanda na pete. Alipiga hodi kesho yake asubuhi.

"Shemeji, hujambo? Pole na yaliyokukuta."

"Ushemeji uliishia mahakamani. Sema shida yako."

"Nipe hii kazi. Asilimia kumi tu. Wiki moja, na mteja nakuletea mpaka sebuleni."

"Asilimia kumi! Wewe ulibeba tofali gani hapa?"

"Haya. Ila mwenye nyumba hauzi nyumba yake, shemeji. Ana uchungu nayo. Mteja akigusa ukuta, anaona kaguswa mwili."

"Kaguse wa mkeo."

Sukari akaondoka anacheka. Hakuwa mtu wa kukasirika. Hasira haimletei dalali mteja.

Siku hiyo kazini, mashine zilipozunguka, kichwa cha Dobi kilizunguka nazo. Sukari anajua watu. Angeleta mnunuzi, hilo halina ubishi. Lakini angekula huku na huku, na mambo ya chini ya meza angemnong'oneza mume. Mdogo wake akampigia simu wakati wa mapumziko.

"Dada, mpe. Utajitesa bure. Mkataba wenyewe hutaweza hata kuusoma."

Neno hilo ndilo lililoamua. Labda angempa Sukari, lakini si kwa sababu hajui kusoma. Jioni akamwendea seremala jirani, akamwomba ubao na rangi. Seremala akaandika, akamsomea mara mbili: NYUMBA INAUZWA. MWENYEWE YUMO NDANI. DALALI HATAKIWI.

"Hapo mwisho umewatukana," akasema seremala.

"Ongeza rangi."

Watu wakaja. Wa kwanza walikuwa mume na mke vijana, waliopendana mpaka wanakera. Mke akasifu sebule. Dobi akasema sebule nzuri, ila mvua ya upepo huingia kwenye ile kona, na ufa ule ulianza mwaka uleule alipofiwa na mama yake. Kijana akashukuru kwa adabu. Hawakurudi. Akaja mwingine, na mwingine, na kila mmoja alionyeshwa bati lenye kutu na bomba linalolia. Hakuweza kujizuia. Kila ubovu wa nyumba ile aliujua tangu siku ulipozaliwa, na kuutaja kwake ilikuwa njia ya kusema: mimi ndiye niliyekuwepo.

Mmoja hakuuliza ubovu wowote. Mfanyabiashara wa matairi, mtu mnene mwenye haraka. Bei ya mthamini aliikubali akiwa bado amesimama.

"Utaishi na familia?" Dobi akamuuliza.

"Kuishi? Mama, mimi navunja. Natia ghala."

Dobi akamwambia nyumba imeshapata mtu. Ilikuwa mwezi wa pili. Baadaye alilikumbuka jibu lile kila alipolala na kila alipoamka, akajitukana kwa matusi ambayo hata mumewe hakuwahi kumtukana.

Mwezi wa tatu akaja nesi, wa hospitali ileile. Akavua viatu mlangoni, akamwita mama, akanywa chai mpaka ikaisha. Aliyasikiliza yote: ufa, bati, bomba, gereji, mwanamke wa pili, hakimu. Dobi hakuwa amesikilizwa hivyo tangu mama yake azikwe.

"Kwa hiyo mwisho lini, mama?"

"Mwisho wa mwezi huu. Zimebaki wiki tatu."

Nesi akamshika mkono. "Usiiuze kwa mtu mwingine. Ngoja nipange na benki."

Dobi akautoa ubao. Wawili waliokuja baadaye akawarudisha. Wodini, aliposukuma toroli la mashuka, nesi alimnong'oneza: "Bado kidogo tu, mama, benki wasumbufu." Wiki ikapita, na nyingine. Ijumaa ya mwisho Dobi alishinda amekaa na nguo zake za kutokea, hata maji hakunywa.

Jumatatu wakaja: mume, Sukari, nesi, na karani mwenye karatasi. Bei ilikuwa imeshuka mpaka Dobi akadhani karani amekosea kusoma.

"Shemeji, sebule inavuja," Sukari akaeleza kwa upole. "Ukuta una ufa wa miaka. Bati limekwisha, bomba linalia. Mteja wangu huyu amechunguza."

Dobi akamgeukia nesi. "Kumbe benki hawakusumbua."

Nesi aliangalia sakafu. "Na mimi nina watoto, mama. Kila mwezi natoa kodi. Wewe ungefanyaje?"

Dobi alilitafuta jibu. Alilitafuta kwa bidii, kwa sababu alitaka kumchukia yule binti kwa haki, na hakulipata.

"Weka dole tumalize, watu wana kazi," mume akasema. "Usipoweka, mahakama itaweka kwa niaba yako."

Akaweka. Likatoka doa jeusi, halina mstari hata mmoja. Akarudia. Dawa za kutoa madoa zilikuwa zimelamba ncha za vidole vyake. Karani akajaribu kidole kimoja baada ya kingine, mume akitazama saa, mpaka kile kidogo cha kushoto kikakubali.

Kilichobaki kwake baada ya Sukari kukata chake hakikutosha hata kiwanja kitupu. Mume alikunja nakala yake, akatoka bila kuaga, mlango wake akauacha wazi.

"Mama," nesi akasema, "utahamia wapi?"

"Sijui."

"Kile chumba cha uani, cha kuwekea vitu. Unaweza kukaa. Utalipa kama wapangaji wengine mtaani, sitakuzidishia."

Sukari akakohoa. "Na mwezi mmoja wa dalali. Ndiyo desturi, akiingia mpangaji."

Dobi alimtazama, akangoja acheke. Hakucheka. Alikuwa ameshatoa kitabu cha risiti, anatafuta kalamu.

"Kodi inalipwa mwanzo wa mwezi au mwisho?" Dobi akauliza.

"Mwanzo," nesi akajibu.