Kikombe cha Mshubiri cha Mama Mkwe

Nyie wajukuu mnaoagiza dawa za tumbo kwenye simu, zenye picha ya jani na lebo inayong'aa, kaeni niwaambie. Enzi zetu Temeke dawa ilikuwa nyuma ya choo, tena imeota yenyewe.

Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Alitoka alfajiri na chai ya rangi tupu, akashinda na mihogo ya pilipili. Tumbo likawa linamchoma mpaka anajikunja. Hospitali wakasema ni vidonda, wakampa dawa, wakamwambia bila nafuu asifunge. Na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Ale mchana mbele ya watoto wake? Hilo lilimuuma kuliko tumbo.

Bibi mzaa mama akaja kukaa kwetu. Alikata mshubiri, akaacha utomvu wa manjano uchuruzike wote, ndipo akakamua ule ute kwenye kikombe cha bati. Sasa, mkwe hanywi kitu mbele ya mama mkwe. Kwa hiyo kikombe kilifunikwa kawa, kikawekwa kizingitini, bibi akajiondokea. Asubuhi kikombe kitupu, jioni baba kajikunja. Bibi akaongeza jani.

Waliomuumbua baba ni bata wetu wa uani. Walilikimbia karai lao, wakawa wanakwenda kunywa maji kwa jirani. Bibi akachovya kidole karaini, akalamba, uso ukakunjamana: mshubiri wake mtupu. Hakugomba. Alivuta kigoda mlangoni, akajitanda kanga hadi machoni.

"Baba Mwanaidi," akasema, "leo haya ya ukwe tuiweke kando. Kunywa, nione koo likishuka."

Sie nyuma ya pazia tumebana vicheko. Baba akanywa, dume zima la kubeba magunia, machozi yanamtoka. Tangu hapo mshubiri, vidonge vya hospitali na uji wa ndizi mbichi vyote vilipita mbele ya kigoda kile. Daktari akamruhusu, akafunga. Kipi hasa kilimponya sijui, ila bata walirudi kwenye karai lao.

Leo hapa Chanika mjukuu wangu Shafii anaruka chakula mchana kutwa, usiku chipsi na soda za kuongeza nguvu, kisha ananililia tumbo. Vidonge alivyopewa hospitali nimevikuta chini ya godoro. Enzi zile angalau mtu alificha kwa sababu ya uchungu. Hivi vyao havina hata ladha.

Basi nimeshasema, na nyumba nzima imesikia: kigoda changu kinakaa mlangoni, na hatoki mtu hapa asubuhi mpaka anywe uji na dawa yake, nione koo likishuka.