Maganda Ambayo Mama Alikataa Kujaza

Harufu ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu hunirudisha mtaani Jericho hadi leo. Mama alirudi nayo mikononi kila Jumamosi, na hata alipojiosha kwa sabuni ya kufulia, chapati zake zilibaki na ladha ya mbali ya chuma. Nilikua nikidhani ndivyo chapati zilivyo Nairobi nzima.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Mama aliajiriwa kufagia katika klabu moja ya walenga shabaha nje ya mji. Fundi wa pale, Mzee Kilonzo, alikuwa akijaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa: anayasafisha, anatia kiwashio kipya, anapima baruti kwenye mizani ndogo, kisha anapachika risasi juu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alimwambia mama aweke ufagio kando amsomee mizani. Baada ya miaka miwili mama ndiye aliyekuwa akijaza, mzee ameketi kando anamuuliza maswali kama mwalimu. Kwenye karatasi za klabu, hata hivyo, aliendelea kuitwa mfagiaji. Mtaani watoto walinisumbua: "Niaje Mwende, ati mathe wako ni soja?" Nikawajibu ndiyo, tena ni kanali.

Wakati wa likizo moja nilikwenda naye kazini siku ya kuamkia mashindano makubwa. Mzee Kilonzo alikuwa amelazwa kwa upasuaji wa macho. Aliyetegemewa kupiga ni Bwana Otieno, karani mpole ambaye suruali zake zilipigwa pasi mpaka ungedhani zingekukata. Bunduki yake ilikuwa ya kijeshi, ya wakati wa vita vya zamani, aliyoirithi kwa babake pamoja na kibali na maneno mengi ya kuitunza.

Katibu wa klabu akaingia na katoni ya maganda.

"Mama Mwende, kesho Otieno apige na haya. Jaza ishirini. Ni mapya kabisa."

Maganda yale yaling'aa kuliko vijiko vya arusi. Mama alichukua waya wake mwembamba, uliopindwa nchani, akauingiza ndani ya ganda moja na kuuvuta polepole juu ya ukuta wake, macho ameyafumba. Karibu na kitako waya ukakwama. Akajaribu la pili, la tatu, la nne. Ukakwama kila mara.

"Haya si mapya," akasema. "Yamepigwa mara nyingi, yakang'arishwa. Bunduki ya Bwana Otieno imezeeka, chumba chake cha kukalia risasi kimepanuka, na kila anapopiga ganda linavutika. Hili litakatika, na moto utamrudia usoni."

Katibu akacheka. "Mama, wewe uliajiriwa kufagia."

"Basi nitafagia. Lakini haya siyajazi."

Sikuwahi kumsikia mama akimjibu mtu mwenye tai. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Bwana Otieno, ambaye kumbe alikuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa sauti ileile ya upole, "Kwani tukilikata moja tukaona?"

Msumeno ukatafutwa. Ganda likapasuliwa kwa urefu, na ndani yake, pale pale waya ulipokwama, kulikuwa na mfereji umezunguka pande zote. Shaba iliyobaki ilikuwa nyembamba kama karatasi ya biskuti. Katibu aliligeuza ganda mara tatu, kisha akatoka bila kuaga, akaisahau katoni yake.

"Mama Mwende," Bwana Otieno akasema, "nijazie utakazoziamini wewe."

Mama alichambua maganda ambayo bunduki ile yenyewe ilikuwa imeyapiga mara moja tu. Alipita na waya, akakataa manne kwa nyufa ambazo mimi sikuziona hata aliponionyesha. Akapima baruti moja moja, kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, bila kuongeza hata punje. Mimi nilikatazwa kupiga chafya.

Kesho yake Bwana Otieno alipiga zote ishirini, na karatasi yake ya shabaha ilirudi na tundu moja kubwa katikati, kana kwamba panya ameitafuna. Walipompa kikombe, alikivukisha nyasi mpaka alipokuwa mama, akampa mbele ya watu wote, naye katibu akapiga makofi na wengine. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mwezi uliofuata karatasi za klabu ziliandikwa upya: fundi.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari ya kikombe. Mama aliposikia, nikiwa tayari nina watoto wangu, alicheka akaniambia kwamba msumeno ulipokuwa ukitafutwa, yeye alikuwa ameshavua aproni na kuikunja, kwa sababu alijua amekwisha kufukuzwa. Baba wakati huo hakuwa na kazi, jambo ambalo sisi watoto tulifichwa. Ndipo nilipoelewa kwamba ushindi ulipatikana siku moja kabla ya mashindano, wakati hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.