Chumba cha Magnesiamu

"Shangazi, kwani Kijiko amekukosea nini?"

Nilikuwa na miaka minane. Shangazi alikuwa ametoka kazini, amevitupa viatu kimoja kule kimoja huku, anamsema mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Akanijibu, "Kula, chakula kinapoa."

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mpimaji kwenye karakana ya kufungasha magnesiamu, ule unga mweupe ambao watu wenye misuli inayokaza huukoroga kwenye maji wakanywa. Kwenye mkebe kuna picha ya mwanamke anayetabasamu usingizini. Shangazi alisema hajawahi kuona mtu akilala hivyo. Ukiachwa wazi, unga huo hunyonya unyevu hewani mpaka ukalowa, kisha ukagandamana. Kwa hiyo chumba cha mizani kina mashine ya kukausha hewa, inayozimwa jioni kazi ikiisha, na anayekaa humo ndiye anayeheshimiwa na wote. Kwa miaka sita alikaa yeye.

Ndipo akaja Kijiko. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu alichota gramu mia mbili bila kutazama, na mizani ikakubali. Shangazi huchota, akapunguza, akaongeza, akapunguza tena.

"Bahati tu," alituambia mezani. "Leo mara arobaini, bahati."

"Mara arobaini?" baba akauliza.

"Wewe ni ndugu yangu au ndugu yake?"

Bosi akampa Kijiko mizani, shangazi akapelekwa kubandika lebo. Nyumbani tukawa tunakula na Kijiko, tunaamka na Kijiko: kicheko chake, mkoba wake, hata anavyosalimia. Jumapili moja nilimkuta shangazi jikoni, amefumba macho, anachota sukari.

Siku moja asubuhi pipa zima likakutwa wazi, unga umekuwa jiwe. Kijiko alilia. Alisema labda alisahau, hakumbuki. Akapelekwa kwenye lebo, shangazi akarudi kwenye mizani.

Nilidhani sasa atatulia. Wapi! "Anabandika lebo kama anapiga pasi," alilalamika, "na wote wamemzunguka wanacheka. Mimi kule ndani niko na mashine."

Sasa niko sekondari. Wiki iliyopita mwalimu wa kemia aliweka chumvi ya magnesiamu kwenye kisosi. Kabla ya kipindi kuisha ilikuwa imenyonya unyevu ikalowa. Nilikimbia nyumbani kumsimulia shangazi, nikaongeza kwa utani, "Kumbe pipa la Kijiko lilikuwa hivi! Hebu niambie, alikukosea nini yule?"

Hakucheka. Alikunja kanga aliyokuwa anaikunja, akaikunjua, akaanza upya.

"Hakunikosea kitu," alisema. "Jioni ile mimi ndiye niliyetoka wa mwisho. Nililiona pipa liko wazi. Mfuniko nikaushika kabisa, mwanangu. Halafu nikauweka chini, nikaenda zangu."