Kiganja Kisichonasa Uzi

Wapo wanaosikia neno hariri wakadhani ni habari ya starehe. Wawaulize wanaoitarizi. Uzi wa hariri unadeka kuliko kitinda mimba: ukiuvuta kwa pupa unajisokota, ukiushika kwa mkono mkavu unachanika, na ukisha kuchambuliwa mara nane, kama ile karakana ilivyotaka, unabaki kitu chembamba ambacho jicho linakikisia tu. Ukinasa kwenye kidole chenye mpasuko unatoa manyoya, na manyoya yakishatoka hayarudi. Kazi ya mwezi mzima inakwenda na maji.

Ndiyo maana kila Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajashika sindano, mwenye karakana alipita na kipimo chake. Watarizi walimwita Miwani, maana alivaa moja machoni, nyingine akaipandisha kichwani, na ya tatu alikuwa akiitafuta. Waliketi kumi na wawili wakiwa wamefungua viganja, na yeye akaburuta uzi mmoja uliochambuliwa kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha za vidole. Uzi ukiteleza, mtarizi anabaki penye hariri. Ukinasa, anahamia meza ya pamba kule karibu na choo, kushona majina kwenye taulo za hoteli kwa ujira usiomtosha mtu mmoja, sembuse wawili.

Kwa miaka ishirini na miwili uzi uliteleza kwenye viganja vya Mama Jogoo. Jina hilo wenzake walimbandika mwaka ule, kwa sababu ya jogoo mkubwa wa hariri, pambo la ukutani, aliyekuwa akimtarizi manyoya kwa mwezi wa tano sasa. Mkia ulikuwa tayari, mabawa tayari. Ilibaki shingo, na shingo ya jogoo ndiyo inayomtofautisha fundi na mshona viraka.

Mumewe alikuwa mwashi. Enzi zake alikuwa haruhusiwi hata kulisogelea kopo la nyuzi. "Ondoa mikono yako ya misasa hapo," mkewe alikuwa akimwambia, na yeye akicheka na kujibu, "Misasa hii ndiyo iliyosimamisha ukuta unaouegemea." Kweli nyumba ile ya vyumba viwili aliijenga mwenyewe, na ole wake mtu aliyemwaga maji chini ya ukuta. Angemsomea somo la msingi mpaka jua lizame.

Halafu kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na haja ndogo ikawa haimngoji mtu. Mwaka mzima sasa mkewe alifua shuka asubuhi na jioni, kwa sabuni kali na dawa ya madoa, kwa sababu bila hivyo chumba kisingekalika. Nepi za wakubwa zilimtoa mgonjwa vidonda. Glavu za mpira zilimtoa mfuaji vipele. Dobi wa pale kona alizipokea shuka mara mbili, mara ya tatu akasema mashine imeharibika, na Mama Jogoo alipogeuka tu mashine ikapona.

Kwa hiyo ile Jumatatu uzi uliponasa, hakuna aliyeshangaa zaidi ya Miwani mwenyewe. Ulinasa kwenye kiganja, ukanasa kwenye kidole cha shahada, ukakatikia kwenye kidole gumba.

"Dada," Miwani alisema kwa sauti ya chini, "nakupa wiki mbili. Chora ruwaza, panga rangi, fanya utakalo, ila jogoo usimguse. Jumatatu ya pili ukinasa tena, nampa mwingine aimalizie shingo, na wewe nakuhamishia pamba. Usinifanye niseme mara mbili."

Mama Jogoo alitoka pale akaenda moja kwa moja kumwita wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani, kama mtu aliye njiani.

"Wiki mbili tu, wifi," Mama Jogoo alimsihi. "Unifulie shuka zake, mikono yangu ipone."

"Wifi yangu, ningekuwa na mgongo ningesubiri mpaka uniite? Huu mgongo, hata kuokota sindano siwezi."

"Ni ndugu yako wa tumbo moja."

"Na ni mume wako."

Hapo mwanamke wa watu uvumilivu ulimwishia. "Mikono hii ndiyo inayotulisha," alisema, na sauti ikapanda kuliko alivyokusudia. "Shuka zake zinaimaliza. Zikiimaliza hii, tutakula nini? Tutakula ukuta?"

Wifi aliusugua mgongo wake, akaaga. Kati ya sebule na chumba cha mgonjwa kulikuwa na pazia tu, tena jepesi.

Siku mbili baadaye, Mama Jogoo aliporudi kutoka kazini, alikuta shuka kavu. Aliipapasa mara tatu, hakuamini. Kesho yake ilikuwa na doa dogo tu, la manjano iliyokolea. Wiki ikaisha hivyo, na ya pili pia. Alimshukuru Mungu kwa machozi, akaamini kuwa mwili wa mumewe umeanza kushika adabu. Jagi la maji aliloliacha kila asubuhi karibu na mkono mzima wa mumewe, chini ya dirisha, alilikuta tupu, naye akafurahi kuwa mgonjwa anakunywa. Alijisugua viganja kwa sukari na mafuta, akalala amevaa soksi mikononi. Alipoona midomo ya mumewe imepasuka, aliipaka mafuta yale yale. Uji mumewe alikunywa vijiko viwili na kusema ameshiba. Mwerevu wa kuchambua uzi mara nane, hilo hakuliona.

Jumatatu ya pili uzi uliteleza. Ulipita kiganjani kote, ukatoka ncha ya kidole cha kati bila kusita.

"Haya, bibi harusi," Miwani alisema, akamwachia uzi ule kama zawadi. "Karudi kwa jogoo wako."

Saa ya chakula cha mchana alikimbilia nyumbani kumwambia mumewe. Alipita upande wa nyuma ili asizunguke, na hapo akasimama. Chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa ukuta ulikuwa na michirizi mirefu ya maji, lipu imeanza kuvimba, na kwenye udongo mkavu kama kigae, pale msingini, majani mabichi yalikuwa yameota. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili.

Aliingia. Mumewe alimtazama, macho yamezama.

"Uzi?" aliuliza kwa ulimi wake mzito.

"Umeteleza."

Akafumba macho, nusu ya mdomo ikatabasamu. Mama Jogoo alilichukua jagi tupu, akalijaza, akajaza na kikombe, akaketi kitandani.

"Kunywa."

Akatikisa kichwa. "Shuka," alisema.

"Nimesema kunywa."

"Mikono."

"Nilisema vibaya siku ile, mume wangu. Nilikuwa na hasira, na nilisema vibaya sana. Kunywa, siondoki hapa."

Mwashi alikunywa. Kikombe cha kwanza kwa aibu, cha pili kwa pupa, kikimwagika kidevuni, cha tatu akilia kwa jicho moja. Mkewe alimshika mkono ule mzima, na ndipo alipouhisi vizuri kwa mara ya kwanza mwaka ule. Saruji yote ilikuwa imekwisha kutoka. Akachomoa ule uzi mfukoni, akauburuta juu ya kiganja cha mumewe. Uliteleza mwanzo hadi mwisho.

"Wewe ndiye wa kukaa kwenye hariri," alimwambia, na akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio kifuani.

Kazini hakurudi mchana ule. Alimjazia kikombe cha nne. Ilipofika alasiri shuka ililowa, ikalowa na godoro, na mumewe akageuza uso ukutani.

Aliivua shuka, akaitoa uani. Jogoo alikuwa bado hana shingo, na Jumatatu nyingine ilikuwa siku saba mbele. Akamimina maji kwenye beseni, akaweka sabuni, akaingiza mikono.