Jani la Tatu na Maji ya Dagaa

Jamani, nimekosa, tena kosa lenyewe linanuka! Wiki nzima silali vizuri, najiuliza: hivi yale mahindi yalistawi kweli, au nilizikoroga takwimu mpaka zikasema nilichotaka?

Nikiwa chuo nililoweka mbegu za mahindi kwenye maji yaliyooshewa dagaa wa Kipili, nyingine kwenye maji matupu. Nikapanda kwenye makopo, tena machache. Nikapima urefu. Hakuna tofauti! Majani, shina, rangi, mizizi. Hakuna! Makopo yaliyoniharibia hesabu nikayatoa, nikasema yamefukuliwa na kuku. Mwishowe upana wa jani la tatu ukakubali kuonyesha tofauti. Jani la tatu, jamani!

Nikaandika hilo tu, mengine nikayameza. Jarida likachapisha. Washikaji wa Sumbawanga mjini wakaanza kuniita Daktari, nami nikawa naitika.

Juzi nikaenda Msanzi kwa mama mkubwa, dada yake mama. Nikamkuta uani na ndoo ya maji ya dagaa, paka wa kijiji kizima wamejipanga kama wanasubiri komunyo.

"Shikamoo, mama mkubwa. Hii nini tena?"

"Marahaba, msomi wetu! Si utafiti wako? Binti yangu kanisomea kwenye simu. Kesho naloweka mbegu zote."

"Zote? Hubakizi?"

"Nibakize za nini, na wewe umeshapima?"

Mbegu za msimu mzima! Zikioza, nyumba ile itakula nini? Nikisema, naaibika. Nisiposema, wanalala njaa. Labda nimwambie aloweke nusu? Nusu ya njaa nayo si njaa?

"Mama, usiloweke. Sijui kama yanasaidia. Nilipima mambo mengi, nikaandika lililonipendeza."

Akanitazama. "Yaani nimenuka hivi kwa ajili ya jani moja?"

"La tatu, mama."

"Mwaga mwenyewe hiyo ndoo! Na hao paka uondoke nao."

Nikamwaga huku nimeinamisha kichwa. Wenzangu mnaofanya tafiti, matokeo yaliyowakatalia nayo yaandikeni! Huko mnakochapisha mnaona ni karatasi tu, kumbe kuna mtu atapanda shamba lake lote kwa kuwaamini.

Mimi nilikaa palepale uani, nikamwandikia mhariri wa jarida kila nilichopima na kila kopo nililolitoa, nikaomba makala yangu iondolewe. Nikatuma.