Matatu Kati ya Matano

Juzi nilikuwa Mshangano, kwenye duka la fotokopi, nikisubiri karatasi zangu. Kwenye benchi alikaa mama wa miaka hamsini hivi, muuguzi msaidizi, anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule wa watu wazima. Binti yake, mwalimu, alikuwa akimsahihishia mtihani wa mazoezi kwa kalamu nyekundu.

Sehemu A, ya kuchagua herufi, mama aliipata karibu yote. Kwenye insha kalamu ikasimama.

"Mama, hapa wamesema ujibu matatu kati ya matano. Umejibu yote."

"Si wameuliza matano?"

"Ukizidisha, wanasahihisha matatu ya mwanzo tu."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge. "Na ninayoyajua vizuri ni la nne na la tano. Hayo ya mwanzo nilijibu kwa adabu tu. Mtu akikuuliza, unamnyamazia?"

"Kwenye mtihani ndiyo, mama. Mnyamazie."

Akaomba karatasi safi. Safari hii alisoma maswali yote kwanza, akayakata mawili kwa mstari, polepole, kama anayemfungia mgeni mlango. Kisha akaanza na la tano, huku anatabasamu.

Nilicheka kimoyomoyo, nikajiona mjanja. Zamu yangu ilipofika, mwenye duka akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, za mahindi na za mvua. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.

Nikajibu zote tano.